Leza ya betri inapofifia, inapochemka au inapokufa: kutafuta chanzo katika saketi ya kuendeshea diodi

Livela ya leza ya kijani (kifaa kinachochora mstari mnyoofu ukutani kwa mwanga) niliyoletewa na fundi mwashi ilikuwa na betri mpya, swichi nzima na diodi mpya, yaani kipande kinachotoa mwanga, lakini ukutani haukutokea mstari wowote. Kilichoonekana ni ung'avu hafifu tu ndani ya lenzi. Aliyeifungua kabla yangu alikuwa ameondoa moduli ya zamani ya nanomita 532 na kuweka diodi ya nanomita 520, kisha akaiacha saketi ileile ya kuendeshea, yaani inayodhibiti umeme unaoingia kwenye diodi, kwa kuwa rangi zote mbili ni kijani. Ndani ya moduli ya zamani, hata hivyo, diodi inayokula umeme si ya kijani hata kidogo. Ni diodi ya mwanga wa nanomita 808, ambao jicho halitambui vizuri, na huhitaji takriban volti 2. Mwanga wake ndio unaopitishwa kwenye fuwele zinazougeuza kuwa kijani. Diodi ya 520 hutoa kijani moja kwa moja, na huhitaji volti 5 hadi 7 kutegemea aina yake, kiasi ambacho betri moja ya lithiamu ya volti 3.7 haiwezi kutoa bila kusaidiwa.

Katika kifaa kile hakukuwa na kitu kibovu. Kila sehemu ilikuwa nzima, ila hazikulingana. Makosa mengi ya leza za betri ninayokutana nayo ni ya namna hiyo, na ndiyo maana naanza kila uchunguzi kwa kalamu kabla ya kushika pasi ya kulehemu.

Namba za kuandika kwanza

Andika volti ambayo diodi huhitaji ikiwa katika mkondo wake wa kazi, kisha mkondo wenyewe, kisha volti ya betri ikiwa imejaa na ikiwa imeisha. Diodi nyekundu ya nanomita 650 yenye nguvu ya miliwati 5 huhitaji takriban volti 2.2 na mkondo wa miliampia 30 hivi. Diodi ya bluu ya nanomita 450 huhitaji volti 4 hadi 5, na zile kubwa hupitisha ampia 1 au zaidi. Betri ya lithiamu ya aina ya 18650 huanza na volti 4.2 na huhesabiwa kuwa imeisha inapofika volti 3.0. Betri ndogo ya alkali huanza na volti 1.5 na kuisha karibu na 0.9.

Ikiwa volti ya diodi iko chini ya volti ya betri iliyoisha, unaweza kutumia saketi ya mstari, yaani ile inayozuia mkondo kwa kuigeuza volti ya ziada kuwa joto, au saketi ya swichi inayoshusha volti kwa kutumia koili. Ikiwa volti ya diodi iko juu ya volti ya betri iliyojaa, ni saketi ya kupandisha volti pekee itakayofaa. Shida huanza pale volti ya diodi inapoangukia katikati, kama diodi ya bluu ya volti 4 inayotumia betri moja ya lithiamu: betri ikijaa iko juu yake, ikitumika kidogo iko chini yake. Hapo inahitajika saketi inayoweza kupandisha na kushusha, au betri mbili zipangwe kwa mfuatano ili volti ya kuanzia na ya kuishia zote ziwe juu ya diodi. Sioni sababu ya kung'ang'ania betri moja ikiwa nafasi ya kuweka mbili ipo.

Kabla ya kupima chochote, usiunganishe diodi ya leza. Tengeneza mzigo wa majaribio kwa kupanga diodi za kawaida za 1N4007 kwa mfuatano pamoja na rezista ya omu 1. Tatu zinakaribia diodi nyekundu, nane zinakaribia ya kijani ya 520. Milivolti unazosoma kwenye ncha za rezista hiyo ndizo miliampia zinazopita. Kwa mikondo ya karibu ampia 1 tumia diodi tano na rezista ya omu 0.1, ambapo kila milivolti 1 ni miliampia 10, kwa sababu omu 1 ingekula volti nzima na kuuharibu ulinganisho. Unapofika kwenye diodi halisi, elekeza mwali kwenye ukuta usiong'aa na uvae miwani inayolingana na rangi ya leza husika. Kwa moduli za 532 zilizofunguliwa, kumbuka kwamba kuna mwanga usioonekana unaotoka pamoja na kijani iwapo kichujio chake kimeondolewa, na jicho halipepesi kwa mwanga lisiouona.

Mwanga unafifia ilhali betri bado ina nguvu

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi, na chanzo chake cha kwanza ni pengo la volti ambalo saketi ya mstari hulihitaji ili ifanye kazi. Chipu ya LM317, inayopendwa kwa kuwa inapatikana kila duka la vipuri, ikiunganishwa kama chanzo cha mkondo hula volti 1.25 kwenye rezista yake ya kupimia mkondo, na yenyewe huhitaji takriban volti 2 nyingine. Jumla ni zaidi ya volti 3 kabla diodi haijapata kitu. Diodi ya bluu ya volti 4.5 itahitaji betri zisizopungua volti 7.75, na betri mbili za lithiamu huvuka chini ya kiwango hicho mapema, zikiwa bado na sehemu kubwa ya nishati yake. Mtumiaji huona mwanga ukififia, huzichaji betri, mwanga hurudi kwa muda mfupi, naye huamini kwamba betri ndizo mbovu.

Kwa diodi inayohitaji volti chini ya 3, kama ile ya 808, chipu za mstari zenye pengo dogo huondoa tatizo hilo kabisa. AMC7135, inayotumika sana katika tochi, hupitisha miliampia 350 na huhitaji pengo la takriban volti 0.12 tu. Kwa hiyo diodi ya volti 2 hupata mkondo uleule tangu betri imejaa hadi imeisha. Tahadhari yake ni kwamba miliampia 350 ni nyingi mno kwa diodi ndogo nyekundu, ambayo itakufa papo hapo.

Chanzo cha pili ni ukinzani usioonekana kwenye michoro: springi za betri zilizoshika kutu, swichi iliyochakaa, waya mwembamba. Chukua diodi ya bluu inayotumia wati 4.5, iendeshwe na saketi ya kupandisha yenye ufanisi wa asilimia 85. Itavuta takriban wati 5.3, yaani ampia 1.26 betri ikiwa na volti 4.2, lakini karibu ampia 1.8 betri ikifika volti 3.0. Springi na swichi zenye jumla ya omu 0.2 tu zitakula zaidi ya volti 0.35 kwa mkondo huo, na saketi, ikiona volti imepungua, itavuta mkondo mwingi zaidi kufidia. Pima volti kwenye ncha za betri, kisha pima kwenye mlango wa saketi huku leza ikiwaka. Tofauti ikizidi volti 0.1, safisha au badilisha springi kabla ya kuilaumu saketi. Mara nyingi nimerudisha mwanga kwa kulehemu kipande cha waya wa shaba juu ya springi, kazi ya dakika tano.

Chanzo cha tatu huhusu kalamu za leza nyekundu zenye betri mbili za alkali. Volti 3.0 za kuanzia zinatosha diodi ya volti 2.2, lakini kila betri ikishuka hadi volti 1.2, jumla ni 2.4 na saketi imebakiwa na volti 0.2 tu za kufanyia kazi. Kwa betri za kuchajiwa za nikeli, zinazokaa kwenye volti 1.2 tangu mwanzo, kalamu hiyo huwa hafifu siku ya kwanza. Betri tatu huondoa tatizo bila kubadilisha saketi, mradi saketi hiyo iwe inadhibiti mkondo kwelikweli na isiwe rezista peke yake. Ukiifungua kalamu na kukuta rezista moja bila transista wala chipu, usiiongezee betri.

Jambo jingine la kutazama kwa moduli za 532 ni baridi. Mwanga wa diodi ya 808 husogea takriban nanomita 0.3 kwa kila nyuzi 1 ya joto, nao ukitoka kwenye urefu ambao fuwele huufyonza vizuri, kijani hupungua hata kama mkondo ni sahihi. Mwashi anayeanza kazi alfajiri ya Juni huko Njombe anaweza kuona mstari hafifu unaoimarika jua linapopanda, na hakuna saketi ya kuendeshea itakayotibu hilo.

Mwanga ni mzuri lakini betri haidumu

Hapa ndipo watu hukimbilia saketi ya swichi kwa imani kwamba ufanisi wake daima ni bora. Naomba tufanye hesabu kwa diodi nyekundu ya volti 2.2 na miliampia 30 kwenye betri moja ya lithiamu. Saketi ya mstari huvuta miliampia 30 zilezile kutoka kwenye betri, na ufanisi wake kwenye volti 3.7 ni asilimia 59. Kinachopotea ni miliwati 45 tu. Sasa weka saketi ya kushusha yenye ufanisi wa asilimia 85 ambayo chipu yake hupima mkondo kwa volti 0.6 kwenye rezista. Diodi inahitaji miliwati 66, rezista inakula 18, jumla 84. Ukigawanya kwa 0.85 unapata takriban miliwati 99, sawa na miliampia 27. Umeokoa miliampia 3, na chipu yenyewe inaweza kuzila zote kwa matumizi yake ya ndani. Umelipa koili, kapasita na hatari ya mtikisiko wa mkondo kwa faida isiyopimika.

Ukiigeukia diodi ya bluu ya volti 4.5 na ampia 1 kwenye betri mbili za lithiamu, hesabu inabadilika kabisa. Saketi ya mstari hupoteza wati 2.9 kwenye volti 7.4 na karibu wati 4 betri zikiwa zimejaa. Saketi ya kushusha yenye ufanisi wa asilimia 90 huvuta wati 5 tu, yaani ampia 0.68 badala ya ampia 1. Muda wa betri unaongezeka kwa karibu nusu, na joto la saketi linashuka hadi nusu wati. Hapa sina shaka hata kidogo: saketi ya mstari haina nafasi.

Unapochagua chipu ya swichi, tazama volti ya kupimia mkondo kabla ya asilimia iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo yake. Chipu zilizoundwa kudhibiti volti hutumia 0.6 au 1.25, zile zilizoundwa kwa ajili ya taa za LED nyingi hutumia 0.1 au 0.2. Kwa ampia 1, tofauti kati ya 1.25 na 0.1 ni zaidi ya wati 1 inayopashwa bure. Asilimia zinazotangazwa pia hupimwa kwa volti na mkondo unaoipendelea chipu, na si lazima zifanane na kifaa chako. Pima mwenyewe: zidisha volti na mkondo wa kuingia, zidisha volti na mkondo wa diodi, kisha gawanya, na urudie betri ikiwa imejaa na ikiwa karibu kuisha.

Ikiwa betri huisha hata kifaa kikiwa kimezimwa, chunguza kama swichi inakata umeme wa betri au inaiambia chipu ilale tu. Chipu iliyolala huendelea kunywa kidogo, na rezista za kugawanya volti kwenye mlango wa saketi hunywa usiku na mchana.

Saketi inachemka kuliko hesabu inavyosema

Kwa saketi ya swichi, shuku koili kwanza. Koili ndogo ikipitishiwa mkondo mkubwa kuliko inavyohimili hushiba sumaku, mkondo unaruka ghafla kila mzunguko, na transista huchemka. Mkondo wa kuangalia ni ule wa kilele ndani ya koili, ambao katika saketi ya kupandisha ni mkubwa kuliko wa kuingia, na mkubwa zaidi ya ule wa diodi. Baada ya koili, angalia kapasita ya mlangoni. Inapaswa kuwa ya kauri na kukaa karibu kabisa na chipu.

Mwanga hushuka baada ya dakika chache na kurudi ukipoza

Kila diodi ya leza ina mkondo kizingiti, ambao chini yake hung'aa kama taa ya LED tu. Kizingiti hicho hupanda joto linapopanda, na diodi nyekundu zinaathirika kwa haraka. Saketi inayoshikilia mkondo thabiti itaendelea kutoa miliampia 30, lakini sehemu kubwa zaidi ya hizo inatumika kufikia kizingiti na ndogo inabaki kuwa mwali. Dawa si kuongeza mkondo, kwa kuwa mkondo zaidi huleta joto zaidi. Dawa ni kuhakikisha diodi imebanwa vizuri kwenye ganda la shaba au alumini, na kwamba chipu ya kuendeshea haikugandishwa mgongoni mwa ganda hilohilo ikilipasha.

Diodi nyingi ndogo zina mguu wa tatu unaotoka kwenye fotodiodi ya ndani, yaani kihisio kinachopima mwanga, na baadhi ya saketi huitumia kushikilia mwanga badala ya mkondo. Mfumo huo ni mzuri kwa vifaa vinavyohitaji mwanga usiobadilika. Nashauri uangaliwe kwa makini mno wakati wa matengenezo, kwa sababu waya wa fotodiodi ukikatika, saketi huelewa kwamba hakuna mwanga na kusukuma mkondo hadi mwisho wa uwezo wake.

Leza inawaka na kuzima yenyewe

Ikiwa kuzima huku kunatokea betri inapokaribia kuisha, na kifaa kina saketi ya kupandisha, chanzo kinaelezeka. Saketi hii huvuta nguvu ileile muda wote, kwa hiyo kadiri volti ya betri inavyoshuka ndivyo mkondo unavyopanda. Mwishowe saketi ya ulinzi ya betri hukata. Mzigo ukiondoka, volti ya betri hupanda tena, ulinzi hufunguka, leza huwaka, mkondo huruka, na ulinzi hukata upya. Baadhi ya watu huondoa ulinzi huo ili kuponya dalili. Wasifanye hivyo kamwe, kwa maana betri ya lithiamu iliyoshuka kupita kiasi inaweza kuwaka moto inapochajiwa. Chagua chipu inayojizima yenyewe kwenye volti 3.0 au zaidi na kubaki imezima hadi betri ichajiwe, au tumia betri inayohimili mkondo mkubwa zaidi.

Kuzima kunakotokea kifaa kikitikiswa ni suala la springi, na kunapona haraka.

Diodi imekufa

Diodi ya leza iliyokufa mara nyingi bado inawaka, lakini kwa mwanga uliotapakaa usio na mwali, na kuongeza mkondo hakubadilishi kitu. Uso wake wa kutolea mwanga umeungua. Mkondo uliozidi kwa muda mfupi mno kuliko multimita inavyoweza kuonyesha unatosha kuuunguza, na hivyo kipimo kizuri baada ya kifo hakithibitishi kwamba saketi haina hatia.

Diodi ya kwanza niliyoiua mwenyewe niliiua kwa uangalifu. Nilikuwa nimepima saketi kwenye mzigo wa majaribio, nikakuta mkondo sahihi, nikatoa mzigo huo, nikaunganisha diodi bila kuzima. Katika zile sekunde ambazo saketi haikuwa na mzigo ilipandisha volti hadi ukomo wake ikiutafuta mkondo, kapasita ya kutokea ikajaa, na yote yakamiminika ndani ya diodi nilipogusa waya. Tangu hapo utaratibu wangu ni huu: zima, unganisha pamoja ncha za kutokea kupitia rezista hadi multimita isome sifuri, lehemu diodi, ndipo uwashe. Koleo za kushikilia waya hazifai, kwa kuwa zikiteleza na kurudi hufanya kosa lilelile.

Kosa la pili ni saketi ya kupandisha kutumika pale ambapo volti ya betri inazidi ya diodi. Saketi hiyo haina uwezo wa kuzuia. Umeme hupita moja kwa moja kwenye koili hadi kwenye diodi. Diodi nyekundu kwenye betri moja, au ya kijani ya volti 6 kwenye betri mbili zilizojaa zenye volti 8.4, hufa kwa namna hii mara tu swichi inapobonyezwa.

La tatu ni gumu kuliona, nami huliangalia kila ninapokuta diodi mpya imekufa ilipoingizwa tu kwenye ganda lake. Ganda la diodi huwa limeungwa na mmoja wa miguu yake. Ikiwa mguu huo ni wa hasi, na ganda la kifaa nalo limeungwa na hasi ya betri, basi mkondo unapata njia ya kurudi kupitia chuma bila kupita kwenye rezista ya kupimia iliyoko upande wa hasi. Saketi inasoma sifuri na kuongeza mkondo bila kikomo. Mezani kila kitu kilifanya kazi, kwa kuwa diodi ilikuwa hewani. Pima kwa multimita kati ya ganda na kila mguu, soma kwenye mchoro rezista ya kupimia iko upande gani, na kama vinagongana, tenganisha ganda kwa karatasi ya kuhami inayopitisha joto au uchague saketi inayopima mkondo upande wa chanya.